Ubao umekatika, bledi bado

Juzi tena, karakanani Keko. Kijana yuko kwenye msumeno wa maita, ule wa umeme ambao kichwa chake unakishusha juu ya ubao. Anakata maita, zile pembe za mshazari, za fremu ya kioo, mninga mkavu. Bledi, ile sahani yenye meno, imefika chini, ubao umekatika, naye hapohapo anainua kichwa cha mashine, kidole bado kimebana swichi. Kipande cha mwisho, kidogo kama kiberiti, kikampita sikioni kikagonga bati. Namuuliza kwa nini ameinua mapema. "Si umeshakatika, fundi?"

Jibu hilo nimelichoka. Nalisikia hata kwa watu walionitangulia kwenye kazi.

Ubao ukiwa mzima, una uzito na mkono wako umeubana kwenye ukingo wa nyuma, ule ukuta mfupi wa mashine unaoegemeza ubao. Ukishakatika, kile kipande kidogo hakishikwi na mtu. Kimekaa huru, kimegusana ubavu na bledi. Na meno ya mbele yanashuka, ila ya nyuma, kule kwenye ukingo, yanapanda. Ukiinua, yanapita tena penye kipande hicho. Jino moja likikidaka, linakirusha. Bledi ya inchi 10 kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, ncha ya jino inakimbia karibu kilomita 240 kwa saa. Basi la mkoani halifiki huko.

Kwa hiyo: kata, bakiza kichwa chini, achia swichi, subiri isimame, ndipo uinue. Mashine yenye breki husimama upesi. Isiyo na breki huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa, na hapo ndipo vijana wanapokosa subira. Mkono nao usiende kuokota kipande kabla ya hapo.

Mengine mnayajua: miwani vaa, glavu vua maana bledi huidaka na kuvuta mkono, plagi chomoa kabla ya kubadili bledi. Ubao uliopinda, tumbo, yaani upande uliobenuka, lielekee ukingo, la sivyo ubao utaibana bledi katikati ya kazi.

Panaponisumbua ni vipande vifupi. Mkono unatakiwa ukae sentimita 15 kutoka kwenye bledi, na kwa ubao mfupi hilo haliwezekani. Nabana kwa klampu. Lakini kile kinachokatwa nikibane pia? Niliwahi kubana pande zote mbili, ubao ukaikaba bledi na mashine ikashtuka mikononi. Tangu siku hiyo nakiacha huru, ingawa huru ndiyo kuruka kwenyewe. Siku hizi nakata kutoka ubao mrefu, naufupisha kidogo kidogo, na kipande cha mwisho namalizia kwa msumeno wa mkono. Wateja wanasema nachelewesha kazi. Sina njia bora zaidi.

Yule kijana nimempa kipimo kimoja: asiinue mpaka aweze kuyahesabu meno ya bledi moja moja kwa macho. Jana alikata fremu nne, akawa anahesabu kwa sauti.