Jina la Mama Lisikosekane Kwenye Hati ya Shamba

Upimaji wa mashamba ukifika kijijini, kazi huenda mbio. Wapimaji wanazunguka na wenye mashamba pamoja na majirani wa mpaka, fomu inajazwa hapohapo shambani, na swali linaulizwa: mmiliki ni nani? Mara nyingi aliyesimama mpakani ni baba, mama yuko kisimani. Likiandikwa jina moja, ndilo litakalotoka kwenye hati ya hakimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, na kulirekebisha baadaye kuna usumbufu mkubwa.

Sheria ipo wazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi. Baraza la ardhi la kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina wajumbe 7, na wanawake wasipungue 3. Lakini sisi wataalamu tunakuja na vifaa vyetu, tunakaa siku chache, tunaondoka. Habari za mjane anayesukumwa na shemeji zake ahame hazitufikii. Msaidizi wa kisheria, yaani mtu asiye wakili aliyefunzwa kuwasaidia watu mambo ya sheria, anayeishi kitongoji hichohicho anazijua, na mjane humweleza yale asiyoweza kuyasema mbele ya mkutano.

Ndiyo maana nasisitiza asasi za kiraia, kama MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa na wakulima wenyewe mwaka 1993, zishirikishwe tangu mpango wa upimaji unapoandaliwa. Kuzialika siku ya kugawa hati ni kuchelewa, majina yameshaandikwa.

Suala hili linagusa chakula moja kwa moja. Mwanamke asiye na uhakika na shamba hapandi mkorosho wala mwembe, hachimbi makinga maji mteremkoni, kwa sababu faida yake huja baada ya miaka na huenda wakati huo ameshaondolewa. Analima mahindi na maharage ya msimu, na udongo unazidi kuchoka.

Kama kijiji chenu kimo kwenye mpango wa upimaji, ombeni elimu itolewe kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria. Mke na mume waende shambani wote wawili. Kabla ya kuweka sahihi au dole gumba, majina yasomwe kwa sauti. Aliyeachwa nje aende baraza la ardhi la kijiji, au aanzie kwa msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa asiye na uwezo, huduma hiyo ni bure.