Mnyenyekevu si lazima anyamaze

Wapo Wakristo wanaoamini kwamba unyenyekevu ni kumeza kila uonevu kimyakimya. Hata mke anayepigwa huambiwa, "Vumilia, huo ndio msalaba wako." Ushauri huo unaumiza, na Injili haiuungi mkono. Yesu alipopigwa kofi na mtumishi mmoja mbele ya Anasi, aliyewahi kuwa kuhani mkuu, hakulipiza, lakini hakunyamaza pia. Alimuuliza yule mtumishi, kama nimesema vema, wanipigia nini? (Yohana 18:23). Kule bustani ya Gethsemane aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, ndipo akasema mapenzi ya Baba yatimizwe. Maombi yalitangulia kukubali. Paulo naye, alipofungwa kamba ili apigwe mijeledi Yerusalemu, alidai haki yake kama raia wa Rumi. Taabu aliyoiita mwiba wa mwilini aliuombea mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, akapewa neema ya kuubeba.