Kipande kilicho tayari huja na dhana zake

Roketi ya Ariane 5 iliporushwa mara ya kwanza, tarehe 4 Juni 1996, ilikwenda sekunde zisizofika 40 ikapotea njia na kujilipua. Programu ya kupima mwendo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi. Nambari moja ikazidi 32,767, kikomo cha nafasi ya biti 16 iliyotengewa, programu ikazima. Ya akiba ilikuwa nakala ile ile, nayo ilishazima kwa kosa hilo hilo. Sisi wa Malindi, wenye kituo cha Ngomeni kilichorusha roketi hadi 1988, tukisome kisa hiki kama cha jirani.

Nasisitiza: kipande hicho cha programu hakikuharibika. Kilihamishwa na dhana zake, na hakuna aliyezikagua.

Sasa chukua mfumo wa kuwekea nafasi mashua zinazopeleka wageni kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari. Hifadhidata, SMS, kalenda na malipo vyote utavichukua tayari, na ndivyo inavyofaa. Muda wako utaliwa pale vinapoungana.

SMS ndiyo huwaponyoka wengi. Ujumbe wa alama za kawaida hubeba herufi 160. Ritifaa iliyonyooka, kama ya "ng'ambo", imo kati ya alama hizo. Iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hugeuzwa Unicode (mfumo wa alama unaokula nafasi zaidi) na kikomo hushuka hadi 70, na ukigawanywa kila sehemu hubeba 67. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa SMS moja umekuwa tatu, na utalipia tatu. Basi nyoosha ritifaa zote kabla ya kutuma.

Kalenda nazo zinaandika 07:00, na nahodha anasema saa 1 asubuhi. Ukichapa "saa 7" atakuja mchana, maji yamekwisha jaa. Tena seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, kwa hiyo nafasi iliyowekwa saa 7 usiku itaingia kwenye tarehe ya jana. Hifadhi kwa UTC, onyesha kwa saa za Nairobi, na tafsiri ya saa ya Kiswahili iandike mwenyewe.

Kwenye M-Pesa, jibu la kwanza la Daraja (mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa) linakuambia ombi limepokelewa tu, pesa bado. Matokeo huja baadaye kwenye anwani uliyoitoa: 0 ni malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi. Usitoe kiti kabla ya ile 0. Hifadhi CheckoutRequestID, yaani namba ya ombi la malipo, kwa sharti la kutojirudia, maana matokeo yale yale yanaweza kufika mara mbili, na yasipofika kwa dakika mbili, uliza wewe. Tokeni, ufunguo wa muda wa kuingilia Daraja, huisha baada ya sekunde 3,600. Kagua pia kipande kinachopima nambari za simu: vya zamani vinajua zinazoanza na 2547 (07) tu na kukataa wateja wa 2541 (01).

Kila kipande kifunike kwa moduli yako ndogo: lipa(), tumaUjumbe(). Jina la muuzaji lisionekane kwingine kokote kwenye msimbo. Chini ya moduli hiyo andika majaribio ya dhana zenyewe (ritifaa iliyopinda, nambari ya 01, matokeo yaliyorudiwa, usiku wa manane) na uyaendeshe kila toleo jipya linapotoka, kabla hujalipokea. Funga namba ya toleo unalotumia lisibadilike lenyewe, na weka orodha ya vipande vyote pamoja na vile vilivyomo ndani yake. Hitilafu ya Log4j, kipande cha kuandika kumbukumbu za programu za Java, ilipotangazwa Desemba 2021, kazi ya kwanza ilikuwa kujua kama unayo. Ilikuwa imejificha ndani ya vipande vya watu wengine.

Na kabla ya kumuuliza muuzaji wa kalenda ya nafasi bei yake, omba akaunti ya majaribio, ingiza nafasi 20 za uongo, kisha jaribu kuzitoa zote kwa faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu). Zikitoka bila tarehe za malipo, tafuta muuzaji mwingine.