Nafaka pekee hazilei makinda

Wengi tumeamini kwamba ukitaka ndege bustanini, mwaga nafaka, weka maji, na mti wowote wenye majani mabichi utawatosha. Ni kweli ndege aliyekomaa hufaidika na nafaka. Lakini hata ndege wengi wanaokula mbegu huwalisha makinda wao wadudu, hasa viwavi, kwa kuwa ni laini, wamejaa protini na mafuta, na humezwa kwa urahisi. Njiwa ni miongoni mwa wachache wasiofuata mtindo huo.

Viwavi nao huchagua sana. Majani yana kemikali za kujikinga, na wadudu wengi humudu tu zile za mimea waliyoishi nayo kwa vizazi vingi mno. Ndiyo maana mti ulioletwa kutoka bara jingine unaweza kusitawi bila hata jani moja kutobolewa. Sisi tunausifu kwa unadhifu; kwa ndege ni meza tupu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu chikadi wa Carolina, ndege mdogo wa Amerika Kaskazini, katika bustani za makazi eneo la Washington, Marekani, ulionyesha kuwa mimea ya kigeni ikizidi takriban asilimia 30, makinda wanaokua hawatoshi kuziba pengo la ndege wanaokufa.

Kwa hiyo ukiona majani yenye matundu, usikimbilie dawa. Panda mti wa asili ya eneo lako, mshawishi na jirani apande wake, kisha acheni majani makavu chini yake: viwavi wengi hushuka humo kujigeuza nondo.