Je, wajua kwa nini watumiaji wa Gentoo hujenga upya programu ambazo hazijaharibika?

Ukimkuta mtu wa Gentoo ameiacha laptop mezani usiku kucha, feni inavuma na maandishi yanakimbia kwenye skrini, usidhani anasakinisha kitu kipya. Huenda anajenga upya programu zilezile alizokuwa nazo asubuhi, tena matoleo yaleyale.

Gentoo ni mojawapo ya mifumo endeshi ya kompyuta ya Linux. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002, na jina lake ni la pengwini anayesifika kwa kasi majini. Mifumo mingi hukuletea programu zikiwa tayari kutumika. Gentoo kwa kawaida hukuletea msimbo chanzo, yaani maandishi ya mwanaprogramu mwenyewe, kisha kompyuta yako ndiyo inayoyageuza kuwa programu. Msimamizi wa kazi hiyo anaitwa Portage, na amri yake ni emerge.

Wengi hudhani shida yote hii ni ya kutafuta kasi. Kasi inayopatikana mara nyingi ni ndogo, sioni kama inatosha kumkeshesha mtu. Jambo lenyewe ni kwamba msimbo ukishageuzwa kuwa programu, maamuzi yaliyofanywa wakati huo huganda humo ndani. Ukitaka kuyabadilisha, unarudi kwenye msimbo.

Chukua mwaka 2017. Mwezi Novemba Gentoo ilitoa mipangilio mipya ya msingi, 17.0, ikawataka watumiaji wajenge upya kila kitu. Kilichobadilika ni namna programu inavyojua vitu vyake viko wapi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Zamani ilikuwa kama kuambiwa "nenda nyumba namba 40". Kwa mtindo mpya, unaoitwa PIE, inaambiwa "nenda nyumba ya tatu kutoka hapa uliposimama". Hivyo mfumo unaweza kuiweka programu mahali tofauti kila inapofunguliwa, na mdukuzi aliyekariri namba ya nyumba anabisha hodi pasipo mtu.

Sasa, maktaba za zamani (vipande vya msimbo uliokwisha kugeuzwa, ambavyo programu nyingine huvitumia), hasa zile faili zinazoishia na .a, bado zina namba za nyumba ndani yake. Ukijaribu kuziunganisha na programu ya mtindo mpya, kazi inagoma katikati, na ujumbe wa kosa wenyewe unakuagiza ukajenge upya. Kwa kuwa programu moja huegemea nyingine, ambayo nayo huegemea nyingine, ni salama zaidi kuanza na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo, kisha kuandika:

emerge --emptytree @world

Maana yake: jifanye hakuna kilichosakinishwa, upange kila kitu upya kwa kufuata nani anamtegemea nani. Vifurushi (programu au maktaba mojamoja) vidogo huisha kwa sekunde chache. Kivinjari kama Chromium kinaweza kula saa nyingi. Umeme ukikatika (na kwetu hukatika), emerge --resume huendelea na orodha iliyobaki, ila kifurushi kilichokuwa jikoni huanza mwanzo.

Na wakati wote huo unaweza kuendelea kuandika barua zako. Portage hujengea kila kifurushi pembeni, kwa kawaida ndani ya /var/tmp/portage, na hukihamishia mahali pake kikishakamilika. Programu uliyokwisha kuifungua huendelea kutumia nakala ya zamani, hata kama faili lake limeshaondolewa kwenye diski, mpaka utakapoifunga na kuifungua tena.