Panya miaka minne, fuko zaidi ya thelathini

Wengi huamini mwili huchakaa kama soli ya kiatu: kadiri unavyoutumia ndivyo unavyoisha. Ingekuwa hivyo, fuko asiye na manyoya asingetushangaza.

Mnyama huyu huchimba mashimo katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Waliowahi kupita Mtito Andei huenda wamevikanyaga vichuguu vyake bila kujua. Uzito wake ni gramu 30 na ushee, si mbali na panya mdogo wa nyumbani. Panya huyo, hata alishwe vizuri na kukingwa na paka, ni nadra afikishe miaka 4. Fuko maabarani huvuka 30.

Kuna la ajabu zaidi. Mwaka 1825 mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz alionyesha kwamba hatari ya mtu mzima kufa huongezeka kwa mpangilio maalumu. Kwa hesabu za leo, hujirudufu kila miaka 8 hivi. Kumbukumbu za mafuko zaidi ya 3,000, zilizochapishwa 2018, hazikuonyesha ongezeko hilo.

Kwa nini? Tazama nani anawawinda. Panya huliwa na bundi, nyoka na paka, na wengi hawamalizi mwaka. Kasoro ya kurithi inayodhuru katika mwaka wa tatu haiwapunguzii uzao, kwa hiyo hupita kizazi hadi kizazi. Anayezaa mapema ndiye anayeacha wajukuu, na nguvu za mwili huenda huko badala ya kwenye ukarabati. Fuko amejificha chini ya udongo mgumu; kwake, mwili unaojikarabati hulipa kwa miaka mingi ya kuzaa. Popo naye amekwepa maadui kwa mabawa: mmoja wa Siberia, mwenye gramu 7 tu, alikamatwa akiwa na umri usiopungua miaka 41.

Ukarabati huo una vifaa vyake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba seli za fuko hutoa haialuronani, ute wa sukari, yenye nyuzi ndefu mara tano kuliko yetu. Huzuia seli kusongamana, na saratani kwake ni adimu sana.

Inaniuma kuona wazee wakiuziwa unga wa "kurudisha ujana". Hata jeni yenyewe haifanyi hivyo: mwaka 2023 watafiti hao hao walimpandikizia panya jeni ya fuko inayotengeneza haialuronani. Saratani zilipungua, lakini umri wa wastani uliongezeka kwa asilimia 4 hivi tu.