Ugumu wa wapinzani wa kompyuta: kwa nini namba moja haifai kila uwanja

Ukifungua gemu ya mbio za magari na kuchagua kushindana na kompyuta, kabla hujawasha injini utaulizwa wapinzani wawe wakali kiasi gani. Gemu nyingine hutoa maneno tu: rahisi, wastani, ngumu. Zile zinazojitahidi kuiga gari halisi huweka namba. Gemu za Formula 1 za kampuni ya Codemasters zina kipimo cha 0 hadi 110, na gemu ya RaceRoom huanzia 80 hadi 120. Hicho ndicho kiwango cha ugumu cha wapinzani. Kazi yake ni kuamua kompyuta itumie sehemu gani ya kasi ambayo ingeweza kuitoa.

Wachezaji wengi huitafuta namba yao mara moja, wakishaipata hawaigusi tena. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Ukikaa kwenye chumba cha gemu hapa Tabora jioni moja tu, utamsikia kijana akimwambia mwenye mashine, “Kaka, hii kompyuta inaonea. Jana nimeshinda, leo nashika mkia, na namba ni ileile!” Ukimuuliza jana alikimbiza wapi, atakwambia Monza, uwanja wa kasi. Leo yuko Monaco, uwanja wa mitaani. Namba ni ileile kweli, ila haina maana ileile, kwa sababu haipimi ustadi wake kama anavyodhani. Inapima tofauti ya kasi kati yake na kompyuta kwenye uwanja mmoja, na kila uwanja una tofauti yake.

Sababu ya kwanza iko upande wa kompyuta. Mpinzani wa kompyuta haoni barabara kama wewe unavyoiona. Mara nyingi hufuata mstari ulioandaliwa mapema na kuhifadhiwa kwenye faili la uwanja. Katika gemu ya Assetto Corsa, iliyotoka rasmi mwaka 2014, mstari huo hupatikana kwa kuendesha gari uwanjani na kurekodi njia lililopita. Katika gemu ya NASCAR Racing 2003 Season ya kampuni ya Papyrus, kila uwanja ulikuja na faili lake la maandishi lenye vipimo vya wapinzani, kikiwemo kipimo cha mshiko wa tairi zao. Aliyetengeneza uwanja akiweka mstari mzuri kwenye kona, wapinzani watapita kona hiyo kwa kasi sana. Akiukosea kidogo, watafunga breki mapema na utawapita kama wamesimama. Viwanja vikiwa ishirini, makosa na ubora wa kazi hiyo haviwezi kulingana kote.

Pia gemu nyingi huyarahisishia magari ya kompyuta hesabu za tairi na mtelezo, kwa kuwa kukokotoa kila kitu kwa magari thelathini au arobaini kungeilemea mashine. Kwenye barabara iliyonyooka huoni kitu. Kwenye kona za taratibu zilizofuatana, gari la kompyuta linaweza kutoka kwenye kona likiwa limekanyaga mafuta mahali ambapo gari lako lingezunguka na kutazama lilikotoka. Mvua ikinyesha, tofauti hiyo mara nyingi huongezeka.

Sababu ya pili ni wewe mwenyewe. Dereva aliyezoea lami ya kutoka Tabora kwenda Nzega, nchi tambarare na macho yanaona mbali, mpeleke Kigoma akapande milima ya kwenda Manyovu: gari ni lilelile, leseni ni ileile, lakini mguu wake utakuwa kwenye breki muda wote. Kwenye gemu ni vivyo hivyo. Kuna mtu mkali kwenye kasi kubwa, na kuna mwingine ambaye ustadi wake uko kwenye breki na kona kali. Kompyuta haina mazoea ya namna hiyo.

Ndiyo maana ni busara kugawa viwanja kwa aina. Mbio za NASCAR za Marekani zinaonyesha mgawanyo huu vizuri kuliko mashindano mengine ninayoyajua. Kuna ovali (viwanja vya umbo la yai) fupi kama Bristol, yenye urefu wa meta 858 hivi, ambako gari la NASCAR humaliza mzunguko kwa sekunde kama 15. Kuna za kati kama Charlotte, kilometa 2.4. Kuna ndefu mno kama Daytona, kilometa 4, na Talladega, kilometa 4.28, zenye kona zilizoinuliwa nyuzi 31 na 33. Halafu kuna sakiti za kona za kulia na kushoto kama Watkins Glen. Kwenye Formula 1 ningetenganisha sakiti za mitaani kama Monaco na zile za kasi kama Monza.

Sasa angalia hesabu inayowachanganya watu. Tuseme kompyuta inakuzidi kasi kwa asilimia 1 tu. Bristol hiyo ni sekunde 0.15 kwa mzunguko, jambo ambalo jicho halilioni. Watkins Glen, ambako mzunguko huchukua kama sekunde 70, ni sekunde 0.7. Ukitazama muda peke yake utasema Bristol mnalingana na Watkins Glen umezidiwa. Lakini anayekuzidi kwa asilimia 1 atakufikia na kukupita kwa mzunguko mzima baada ya mizunguko kama 100, uwanja uwe mfupi au mrefu. Mbio kamili za Bristol ni mizunguko 500. Utapitwa hivyo karibu mara tano! Mbio za Watkins Glen kwa miaka mingi zimekuwa za mizunguko 90, kwa hiyo utamaliza ukiwa bado kwenye mzunguko mmoja na wa kwanza. Kwa hiyo usilinganishe sekunde za uwanja huu na za ule. Linganisha asilimia, na kwenye ovali fupi uwe mkali zaidi katika kupima, kwa sababu kosa dogo linarudiwa mara nyingi.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Endesha peke yako mpaka muda wako utulie, kisha chukua muda wa katikati, usichukue ule bora kabisa. Watu wengi hujidanganya hapa. Kompyuta inaweza kurudia mzunguko wake mzuri siku nzima, lakini wewe ule wako bora umeupata mara moja baada ya kubahatisha kona mbili. Halafu waache wapinzani waendeshe kwa namba mbili tofauti, na uandike muda wao. Mfano: kwa 90 wanazunguka kwa dakika 1 na sekunde 14, kwa 100 wanazunguka kwa dakika 1 na sekunde 12. Kila namba moja ina thamani ya sekunde 0.2. Kama wewe muda wako wa katikati ni dakika 1 na sekunde 13.2, anza na 94. Ukikaribia mwanzo au mwisho wa kipimo hesabu hii inaweza kupinda, lakini katikati inasaidia vya kutosha.

Hakikisha mafuta na tairi ni vya aina moja kwenu wote wakati wa kupima. Tena, namba ya kutafuta nafasi ya kuanzia inaweza kutofautiana na namba ya mbio zenyewe, kwa sababu kwenye mbio tairi huchoka, na tairi za kompyuta huenda zisichoke kama zako.

Ovali ndefu zina sheria zake, na hapa jaribio la kuendesha peke yako linapotosha kabisa. Daytona na Talladega unaweza kukanyaga mafuta hadi mwisho mzunguko mzima. Gari linalofuata nyuma ya lingine hukutana na hewa iliyokwisha kupasuliwa, kwa hiyo kundi la magari huenda kasi kuliko gari moja lililo peke yake. Ukipima mpinzani akiwa peke yake utaona ni dhaifu, utapandisha namba, kisha mbio zikianza kundi zima litakuacha kwenye mataa. Pima ukiwa ndani ya kundi. Kama unaweza kushikilia gari la mbele bila kuachwa, namba inatosha. Kilichobaki ni kipimo cha ujasiri wa wapinzani, kwa gemu zinazokitenga na kasi, yaani wanavyothubutu kuingiza gari pembeni yako. Kwenye ovali hizi mimi hukijali hicho kuliko kasi.

Zipo gemu zinazojirekebisha zenyewe. RaceRoom ina chaguo la wapinzani wanaofuata kiwango chako kadiri unavyokimbiza. Nalipendekeza kwa anayecheza peke yake nyumbani. Lakini usilichanganye na ujanja wa gemu za kujifurahisha, ambako kompyuta hupunguza mwendo ukiachwa na kuongeza ukitangulia. Huo unaua mbio, kwa sababu uendeshe vizuri au vibaya, mtafika karibu pamoja.

Kwenye chumba cha gemu, ambako mashine moja inashikwa na watu wengi kwa siku, kujirekebisha hakusaidii kama wote wanatumia akaunti moja. Kompyuta itajifunza mseto wa madereva kumi. Kila mtu afunguliwe akaunti yake. Ikishindikana, daftari linatosha: jina la uwanja, gari, namba, na kama unatumia usukani au pedi ya mkononi yenye vitufe, kwa sababu namba ya usukani haifai kwenye pedi. Ukibadilisha gari, pima upya. Gemu ikipakuliwa toleo jipya, pima upya pia, maana watengenezaji huwagusa wapinzani hao karibu kila wanaporekebisha kitu.